Sikutema

Kazi yangu ilikuwa kutema.
Miaka ishirini na sita kiwandani,
vikombe arobaini kabla ya saa nne,
navuta chai kwa mkoromo uliowachekesha vibarua,
naizungusha chini ya ulimi, nyuma ya meno,
kisha ptu! kwenye kopo la bati,
na kalamu inaandika:
hafifu. imeungua. ina moshi. rudisha.
Anayemeza, aliniambia aliyenifundisha,
huharibu mizani ya ulimi.
Sikumeza.

Leo nimekaa jikoni kwa Subilaga Mwaisumo.
Mvua ya Tukuyu imeanza juzi na haina habari ya kwisha,
koti langu linatoa mvuke kama mgongo wa ng'ombe.
Ameweka chupa mezani. Haina nembo,
ila kipande cha daftari la mwanawe, kimegandishwa kwa uji,
kimeandikwa kwa penseli: Nyeusi. Ya tatu.
Ya kwanza ilipasua chupa usiku wa manane.
Ya pili ilinywewa na nguruwe,
nao wakalala siku mbili.

"Siyo kimpumu hiki," ananionya,
"usinitafutie mrija."

Anamimina.
Haina haraka, bia hii. Inashuka kama oili ya trekta,
povu lake zito, kahawia,
rangi ya maziwa yaliyoshika sufuria.
Nainua glasi kwenye taa.
Taa haipiti.

"Unasikia nini?"

Kwetu ulimi husikia. Pua nayo husikia.
Basi nasikiliza.

Kwanza ulezi, umekaangwa hadi ukasahau wekundu wake.
Kisha kahawa. "Ya Mbozi," nasema,
naye anacheka: "Vwawa, kwa shemeji."
Kisha ukoko, ule wa chini ya chungu
tuliougombania utotoni, kijiko kikilia.
Kisha uchungu wa maua makavu yaliyokuja kwa basi,
uchungu ulionyooka, usioomba radhi.
Ukakasi kidogo pembeni. Sukari guru
inaaga ikiwa tayari mlangoni.
Na nguvu! Kifuani mtu amewasha jiko,
masikio yangu yamekuwa ya kijana.

Lakini kuna moshi.
Chini kabisa, nyuma ya yote,
moshi usio wa mlingoti, usio wa msindano, usio wa mkaa.
Navuta tena, kwa mkoromo ule wa kazini.
Naujua. Jina lake limesimama kizingitini
na halitoki.

"Kuni gani?"
Anachochea moto, hanitazami.
"Visiki."
"Vya nini?"
"Vya chai. Shamba la mama, ekari moja na robo.
Mwaka ule chai ya kikundi chetu ilirudishwa mara tatu.
Ina moshi, mliandika.
Ya nne hatukupeleka. Tuling'oa."

Mvua ikaongea peke yake juu ya bati.

Sikumbuki. Hilo ndilo lililonikaba.
Vikombe arobaini kwa siku, zidisha kwa miaka:
ni jasho la vidole vingapi nililitema
nikaenda zangu kula ndizi na maharage
nikashiba, nikajinyoosha?

Bia ilikuwa bado kinywani.
Karibu na mguu wangu palikuwa na kopo
la maganda ya ndizi, mdomo wazi,
linanisubiri kama zamani.

Nikameza.
Ikashuka polepole, nyeusi, na moshi wake wote,
ikapita njia ambayo chai ya mama yake
haikuruhusiwa kupita.

"Haya, mwonjaji," akasema, "andika."
Akanisogezea penseli ya mtoto, imetafunwa nchani.

Niliichomeka sikioni.
Nikasogeza glasi.